Nyimbo Zao Zinajaza Baa, Wenyewe Wanazikwa kwa Michango ya WhatsApp

Jumamosi usiku, ingia baa yoyote iliyochangamka Mbeya. Iwe Mwanjelwa, iwe Soweto, iwe kule Uyole. Au shuka Iringa, zunguka Miyomboni mpaka Kihesa. Kuanzia saa tatu ni Bongo Fleva na amapiano, watu wanaruka, simu ziko juu. Ikigonga saa saba, jasho limeanza kukauka na baridi ya Nyanda za Juu inapenya mlangoni, DJ anafanya kitu kimoja tu. Anadondosha ngoma ya zamani.

Gita la solo linaingia. Mzee aliyekuwa kimya kwenye kona anaweka glasi chini. Dada wa kaunta anaacha kuhesabu chenji. Na cha kushangaza zaidi, madogo wa miaka 22, ambao wimbo ulipotoka hata wazazi wao walikuwa hawajaonana, wanaimba kiitikio chote bila kukosea neno.

Sasa mfuate mmoja wao umuulize: huyu anayeimba ni nani?

"Si zilipendwa hizo?"

Basi. Imeisha hiyo. Utafikiri Zilipendwa ni jina la mtu, ana mke, ana watoto, ana akaunti ya benki.

Hapo ndipo tatizo lilipo. Limewaka upya mitandaoni baada ya staa mmoja wa kizazi hiki, jina lake libaki kapuni (na wala si mtoto wa Nyanda za Juu, msianze kubashiri), kusikika akisema wazee wa dansi walikuwa wanapiga muziki bure na ni vijana wa sasa ndio walioufanya muziki kuwa biashara. Mashabiki wake wakamshangilia. Machawa wakagonga emoji za moto. Wachache waliomkumbusha kwamba hata gita linalomfanya atambe kwenye pini lake jipya linanukia dansi la miaka ya themanini wakaambiwa wana roho za kwa nini.

Ukweli ni kwamba huyo staa kapatia nusu. Wazee wengi walipiga karibu na bure. Swali ambalo hakujiuliza ni kwa nini, na ile hela ilienda kwa nani. Na swali kubwa zaidi: nani kasema kwamba yeye hatapita njia hiyo hiyo?

MISSISSIPPI NA MAKAMBAKO NI NDUGU

Kuna sehemu Marekani inaitwa Delta. Ni tambarare kubwa la jimbo la Mississippi, kati ya mto Mississippi na mto Yazoo. Ardhi ina rutuba balaa, pamba inakubali, lakini waliokuwa wanailima, wajukuu wa watumwa, walikuwa hoi. Mtu analima shamba la tajiri, anakopeshwa mbegu na chakula, msimu ukiisha anapigiwa hesabu na kuambiwa bado anadaiwa. Kila mwaka hivyo hivyo.

Kwa mtu wa Njombe, Makete au Iringa, stori hiyo si ngeni. Muulize babu kuhusu manamba. Wanaume walibebwa kwenda kukata mkonge Tanga na Morogoro, wengine wakachuma chai Mufindi. Wanyakyusa kutoka Rungwe walikwenda machimbo ya dhahabu ya Lupa kule Chunya miaka ya 1930, wengine wakavuka mpaka hadi migodi ya shaba ya Zambia ya leo, na wengine wakaenda na Wenela mpaka Afrika Kusini. Watu wanatoka nyumbani mikono mitupu, wanarudi na blanketi, baiskeli, santuri, na mara nyingine gita.

Kwenye mashamba ya Delta ndiko ulikozaliwa muziki wa blues. Mtu mmoja, gita moja, mguu unapiga sakafu badala ya ngoma. Akina Charley Patton, Son House, Skip James. Mtoto aliyekuwa hana gita alipigilia waya wa fagio kwenye ukuta wa nyumba, akaukaza, akaanza kujifunza kwa waya huo mmoja. Huku kwetu dogo anachukua galoni ya mafuta ya kula, ubao na waya wa breki za baiskeli, gita limekamilika. Pita vijijini kuanzia Ilula mpaka Tukuyu, utayaona.

Kutoka kwenye huo umaskini ndipo ulipotoka nusu ya muziki ambao dunia inaucheza leo. Muddy Waters alirekodiwa mwaka 1941 akiwa mfanyakazi wa shamba, na Alan Lomax, mtafiti aliyekuwa anakusanya nyimbo kwa ajili ya Maktaba ya Bunge la Marekani. Inasimuliwa kwamba alipojisikia kwenye santuri ndipo alipoamini kuwa naye anaweza. Mwaka 1943 akapanda treni kwenda Chicago, akaanza kupiga gita la umeme. Vijana wa Kizungu kule London wakazisikiliza santuri zake mpaka bendi yao wakaipa jina kutokana na wimbo wake mmoja. Hao ndio Rolling Stones. Rock imetoka hapo, na mengi yaliyofuata yamekula sahani hiyo hiyo.

Kwa hiyo anayedharau mzee mwenye gita bovu afikirie mara mbili. Mzee mwenye gita bovu alishabadilisha dunia.

KUMBE HABARI ZA FREEMASON HAZIKUANZA JANA

Anayefahamika kuliko wote wa Delta ni Robert Johnson. Alirekodi mara mbili tu maishani, mwaka 1936 na 1937, nyimbo 29. Agosti 1938 akafariki akiwa na miaka 27, na wengi wanaamini aliwekewa sumu kwenye kinywaji kwa sababu ya mwanamke. Mpaka leo kuna mawe ya kaburi lake sehemu tatu tofauti.

Kwa sababu alipotea kidogo kisha akarudi anapiga gita kuliko wote, watu wakasema aliuza roho kwa shetani kwenye njia panda usiku wa manane. Unaisikia hiyo? Ni ile ile ya "yule kaingia Freemason", "yule kaenda Sumbawanga kwa mtaalamu", "yule kamtoa kafara mama yake". Mtu akifanikiwa, badala ya kuuliza alifanya mazoezi saa ngapi, watu wanauliza alichinja nini.

Waliofuatilia maisha yake walikuta jambo la kawaida kabisa. Alifundishwa na mpiga gita mwingine, Ike Zimmerman, na walikuwa wanakwenda kufanya mazoezi makaburini usiku kwa sababu huko kuna utulivu, hakuna wa kuwapigia kelele. Mwalimu ndiye aliyesahaulika, shetani ndiye aliyepewa sifa. Hata hapa Bongo walimu wa gita hawana majina, ila waganga wanayo.

Halafu sikia sehemu tamu, ya wapenda udaku. Mwaka 1990 nyimbo zote za Johnson zilitolewa kwa pamoja, zikauza zaidi ya nakala milioni moja. Hela zikaanza kumiminika, na hapo ndipo ikaulizwa: mrithi ni nani? Akajitokeza mzee anaitwa Claud Johnson, dereva wa lori la kokoto, mtoto wa nje ya ndoa. Kesi ikapigwa kweli kweli, mpaka bibi kizee mmoja, rafiki wa mama yake wa ujanani, akaja kutoa ushahidi wa mambo aliyoyaona porini miaka hiyo. Mwaka 2000 Mahakama ya Juu ya Mississippi ikasema huyu ndiye mtoto. Dereva wa kokoto akaondoka na zaidi ya dola milioni moja.

Cheka, lakini angalia kilichomwokoa Claud. Nyimbo zilikuwa na jina la mwenyewe, na palikuwa na utaratibu wa kulipa. Bila hivyo viwili angekufa na kokoto zake huku dunia nzima ikimwimba baba yake.

SASA RUDI IRINGA

Wengi wa Iringa wa umri wa chuo hawajui kwamba mji wao uliwahi kuwa na bendi iliyotikisa nchi nzima. Inaitwa Tancut Almasi Orchestra. Ilikuwa mali ya kiwanda cha kukata almasi cha Tancut, hapo hapo Iringa. Miaka ya 1980 ilikuwa habari nyingine. Ilikuwa na mapacha wawili kutoka Kongo, Kasaloo na Kyanga, sauti zao zikipandana huwezi kujua ya nani imeanzia wapi. Ilikuwa na John Kitime kwenye gita, ambaye baadaye akawa Njenje. Wimbo wao wa Nimemkaribisha Nyigu mpaka leo ukipigwa harusini, hakuna shangazi anayebaki kwenye kiti.

Fikiria hilo. Ili kupata jina, bendi ya Iringa haikuhitaji kuhamia Sinza wala kumpigia magoti meneja wa Dar. Ilikaa Iringa, na Dar ikaisikia.

Ila hapo hapo kuna mtego. Enzi zile bendi nyingi zilikuwa za mashirika. NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Urafiki Jazz ya kiwanda cha nguo. Bima Lee ya Shirika la Bima. Vijana Jazz ya umoja wa vijana wa chama. Polisi, JKT, Magereza, kila mtu na bendi yake. Kwa mwanamuziki ilikuwa raha: mshahara upo, vyombo vipo, gari la kuzunguka mikoani lipo. Lakini gita si lako. Ampu si yako. Hata jina la bendi si lako. Ukigombana na bosi unatoka na shati ulilovaa.

Mashirika ya umma yalipoyumba na kuanza kubinafsishwa, bendi nyingi zikaenda nayo, na ya Iringa haikupona. Sauti zile zilizojaza kumbi zikabaki kwenye kanda.

Na kanda zenyewe? Bendi zilikuwa zinaingia studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, zinapiga moja kwa moja, wote kwa pamoja, mmoja akikosea mnaanza upya. Redio inapiga wimbo nchi nzima, bendi inapata jina, wimbo unabaki redioni. Waliotaka santuri walikwenda Nairobi. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa anaimbwa kuanzia Tunduma mpaka Bukoba huku mfukoni ana nauli ya kurudi nyumbani tu.

Tazama waliokuwa wakubwa kabisa. Salum Abdallah wa Cuban Marimba, Morogoro, alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1965. Mbaraka Mwinshehe, aliyekwenda na Morogoro Jazz mpaka maonyesho ya Osaka, Japani, mwaka 1970, alifariki kwa ajali Mombasa Januari 1979. Marijani Rajabu alifariki mwaka 1995, na inasimuliwa kwamba mwishoni alikuwa anauza kanda za nyimbo zake mwenyewe ili siku ipite. Hao ndio mastaa. Sasa wale waliokuwa wanapiga besi na ridhim nyuma yao, ambao hakuna anayewajua hata kwa sura, maisha yao yalikwendaje?

Ndiyo maana huyo staa aliyesema walipiga bure hakudanganya. Alichokosea ni kudhani walipenda.

KABLA YA GITA KULIKUWA NA LIGOMBO

Kuna watu wakisikia "muziki wa zamani" wanaishia kwenye dansi. Wahehe walikuwa na wanamuziki wao kabla gita halijapanda mlima Kitonga. Chombo chao kinaitwa ligombo, ubao uliochongwa kama bakuli refu na nyuzi zikapitishwa juu, linawekwa pajani au chini, mtu anapiga na kuimba mwenyewe. Waliimba habari za machifu, za vita, za Mkwawa na Wajerumani. Kabla ya kitabu cha historia cha darasa la sita, kulikuwa na mzee wa ligombo.

Mwaka 1950, mtu mmoja anaitwa Hugh Tracey alizunguka Tanganyika na gari lenye mitambo ya kurekodi. Alipita kwa Wagogo, kwa Wanyamwezi, na kwa Wahehe pia. Alifanya huku kile kile Lomax alichofanya Mississippi miaka tisa kabla. Kumbukumbu zake zinatunzwa Afrika Kusini, kwenye maktaba ya muziki wa Afrika iliyopo Chuo Kikuu cha Rhodes. Kwa hiyo leo kijana wa Kalenga akitaka kusikia jinsi babu wa babu yake alivyopiga ligombo, ni rahisi zaidi kuipata sauti hiyo kupitia Afrika Kusini kuliko hapo Iringa mjini.

Kichwa cha Mkwawa kilirudishwa mwaka 1954, kipo Kalenga, watalii wanakwenda kukiangalia. Sauti za watu wake bado hazijarudishwa. Hata hazidaiwi.

HAPA SASA KUNA WA KULAUMIWA, NA SI VIJANA PEKE YAO

Ukifika hapa kuna kundi litashangilia: "Si tulisema! Muziki ulikuwa zamani, wa sasa ni kelele!" Na ninyi tulieni kidogo.

Hao wanaosema muziki wa zamani ndio muziki, wangapi wamewahi kununua hata kanda moja halali? Wangapi wanamjua mpiga solo aliyebaki hai mtaani kwao? Wengi mapenzi yao yanaishia kwenye bia ya tatu. Wanaupenda wimbo, hawamtaki mwimbaji. Mzee akija kuomba nauli anaitwa ombaomba. Akifa anaitwa gwiji. Kisha linafunguliwa grupu la WhatsApp, "Mchango wa Msiba wa Gwiji Wetu", mwenyekiti, mweka hazina, elfu tano tano, na wale wenye baa zilizotajirika kwa nyimbo zake wanaandika "poleni sana" na alama ya mikono.

Wenye baa nao wamo. Wimbo wa saa saba usiku ndio unaomfanya mteja aagize tena. Hiyo ni biashara. Bia inalipiwa kiwandani, nyama inalipiwa buchani, umeme unalipiwa, ila wimbo unaonekana umeshuka kama mvua.

Na vijana wanaosampo nao wamo. Kusampo si dhambi. Muziki wote duniani ni wa kuchukuliana, Muddy Waters mwenyewe alichukua kwa Son House. Dhambi ni kuchukua kimya kimya halafu kujiita mbunifu. Hata wakubwa wa dunia wameshanaswa. Led Zeppelin, bendi ya Uingereza yenye pesa chafu, walishtakiwa na mzee Willie Dixon, mtunzi wa blues aliyezaliwa Mississippi, kwa sababu wimbo wao mmoja ulifanana mno na wa kwake. Mwaka 1987 wakamalizana nje ya mahakama, mzee akachukua chake.

Kuna kingine kizuri zaidi, na hiki wasanii wa sasa wakiweke kichwani. Mwaka 1966 bendi ya Cream ilirudia wimbo wa Skip James, ikamwandika jina lake kama mtunzi. Hawakusubiri kesi. Mzee alikuwa mgonjwa, na hela ya mirabaha ya wimbo ule ilimsaidia kulipia hospitali. Alifariki mwaka 1969. Angalia tofauti: jina moja lililoandikwa sehemu sahihi lilifanya kazi ya magrupu kumi ya WhatsApp.

SHERIA IPO, SAA INAKIMBIA

Usiambiwe kwamba Tanzania haina sheria. Ipo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na ipo COSOTA. Januari 2022 wasanii waligawiwa mirabaha, picha zikazagaa kila kona. Hatua nzuri. Lakini ili ulipwe, lazima kazi yako ijulikane ni yako. Mwanamuziki wa bendi ya miaka ya 1980 aliyetunga wimbo na kuacha jina lake midomoni mwa watu tu, analipwaje? Nani ataleta ushahidi? Kwenye kesi ya Claud palikuwa na bibi mmoja aliyekumbuka. Huku mabibi wanaokumbuka wanazidi kupungua kila masika.

Na kuna hesabu nyingine ambayo haizungumzwi. Sheria ile ilivyoandikwa, haki za mtunzi zinadumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Fanya hesabu mwenyewe. Salum Abdallah, 1965, muda wake ulishapita mwaka 2015. Mbaraka Mwinshehe, 1979, unaishia 2029. Baada ya hapo mtu yeyote anachukua nyimbo alizotunga, anafanya anachotaka, na familia haina la kudai. Huu si mzaha, saa inakimbia.

Kule Mississippi kuna mzee aliitwa John Hurt. Alirekodi mwaka 1928, santuri hazikuuza, akarudi kijijini kulima na kuchunga ng'ombe. Miaka 35 hakuna aliyemtafuta. Mwaka 1963 kijana mmoja akasikiliza wimbo wake wa zamani, akasikia umetajwa mji mdogo unaoitwa Avalon, akaendesha gari mpaka huko, akauliza, akaonyeshwa nyumba. Mzee yupo, vidole vipo. Mwaka huo huo akapanda jukwaa la tamasha la Newport, watu wakalia. Mwaka 1966 akafariki. Miaka mitatu tu. Kijana yule angechelewa kidogo angekuta kaburi.

Kuanzia enzi za Tancut mpaka leo ni kama hiyo miaka 35, imeshaanza kuzidi. Na Avalon ya huku haihitaji ramani. Ni Kihesa, ni Ipogolo, ni Iyunga, ni Tukuyu. Nyumba ipo, mzee yupo kwenye kiti cha plastiki anaota jua la asubuhi.

KINACHOWEZEKANA BILA KUSUBIRI WAZIRI

Kijana wa Mbeya au Iringa mwenye simu janja ana mtambo bora kuliko gari zima la Hugh Tracey. Anautumia kurekodi vita vya mastaa. Si vibaya, burudani ni burudani. Ila simu hiyo hiyo ikiwekwa mbele ya mzee kwa nusu saa inaweza kujua: ulipiga bendi gani, mwaka gani, nani alitunga, nani alipiga solo, nani yuko hai. Majina kamili. Hiyo ni burudani na ni ushahidi pia. John Kitime kwa miaka mingi amekuwa akiandika kwenye mtandao historia za wanamuziki wenzake, mtu mmoja tu, na kuna majina leo yanapatikana kwa sababu yake. Wakiwa mia itakuwaje?

DJ naye ana kipaza sauti. Kabla ya kudondosha ngoma ya saa saba, sekunde tano tu: jina la wimbo, jina la bendi, jina la mtunzi kama linajulikana. Haigharimu kitu, na yule dogo wa miaka 22 safari ijayo hatajibu "zilipendwa".

Redio za Mbeya na Iringa zina vipindi vya nyimbo za zamani kila Jumapili, vinasikilizwa sana na vinaleta matangazo. Mtangazaji anayejua kumsalimia kila fundi wa Mafinga hashindwi kutaja mpiga gita.

Na msanii anayesampo aandike jina la mtu, aitafute familia, wakubaliane asilimia kabla wimbo haujatoka. Asifanye hivyo kwa huruma. Afanye kwa akili, kwa sababu yeye naye anazeeka. Leo anapata hela ya shoo na matangazo, lakini wengi wamesaini mikataba ambayo wimbo ni wa lebo, akaunti ni ya lebo, hata jina la kisanii ni la lebo. Akitoka anatoka na shati alilovaa. Hiyo si ile ile ya Tancut? Kiwanda kimebadilika jina tu, kanuni ni zile zile. Staa anayewacheka wazee kwamba walipiga bure akakisome mkataba wake ukurasa kwa ukurasa, kisha arudi hewani aendelee kucheka.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Walimaanisha atunzwe akiwa bado anacheza, jasho linamtoka, anaiona noti inabandikwa kwenye paji la uso wake. Rambirambi ni kitu kingine.

Jumamosi ijayo saa saba DJ atadondosha tena ile ngoma. Gita litaingia, glasi zitawekwa chini. Yule mzee wa kwenye kona ambaye huwa anafumba macho na kupapasa meza kwa vidole, utadhani meza ina nyuzi, pengine amelewa tu. Pengine ndiye aliyeipiga. Njia ya kujua ni moja, asogelewe na aulizwe. Shikamoo mzee, ulikuwa unapiga nini?